Usubi hawaishi? Anza na dalili, afu jua ni usubi gani

Watu wengi wakianza kuumwa na usubi wanakimbilia dawa ya kupulizia, wanapuliza leo, kesho wanaumwa tena, keshokutwa wanasema dawa feki. Mara nyingi dawa haina shida yoyote. Shida ni kwamba unapigana na mdudu usiyemjua, manake familia yao, Ceratopogonidae, ina spishi zaidi ya 6,000 zilizokwishapewa majina na kila moja ina saa yake ya kutoka, tope lake la kuzalia na chakula chake. Ukikosea hapo mwanzo kila kitu kinachofuata ni kupoteza hela. Kwa hiyo hapa chini naanza na kile unachokiona wewe, dalili yenyewe, afu tunarudi nyuma mpaka kwenye chanzo.

Unaumwa ila huoni kinachouma

Hii ndo dalili ya kwanza ya usubi karibu kila mahali. Unasikia kama cheche imekugusa, unaangalia mkono hamna kitu, au kuna kinukta cheusi ambacho ungedhani ni vumbi. Wengi wana milimita 1 mpaka 3 tu. Jike ndo anayeuma, dume hana habari na damu, anakunywa maji matamu ya maua (jike naye anakunywa hayo hayo ila akitaka kutunga mayai spishi nyingi lazima zipate damu au mdudu mwingine wa kula). Mdomo wake ni mfupi, una vibapa vyenye meno vinavyokata ngozi, damu inavuja inajaa pale kwenye kidonda, yeye anainywa. Mbu hafanyi hivyo, mbu anachoma na mrija mpaka kwenye mshipa. Ndo maana usubi anauma kuliko saizi yake, na mate anayoyaacha pale ndo yanaleta muwasho ambao kwa wengine unakaa siku kadhaa.

Kabla hujasema ni usubi, mkamate mmoja. Kipande cha selotepu kinatosha, mbandike pale pale akiwa kwenye ngozi afu chukua lenzi ya mkono. Angalia mabawa kwanza. Usubi akitulia anayalaza bapa mgongoni, moja juu ya jingine, na kwenye jenasi (kundi la spishi za karibu) ya Culicoides mengi yana madoa ya kijivu na meupe, hayo madoa ndo wataalamu wanayatumia kutofautisha spishi. Ukiona mdudu mwenye manyoya mengi na mabawa yamesimama juu mfano wa herufi V, huyo ni wa kundi la Phlebotominae, wale wanaobeba vimelea vya ugonjwa wa leishmania, ni habari nyingine kabisa. Ukiona mnene, mweusi, ana kinundu mgongoni, na uko karibu na mto unaokimbia, huyo ni wa familia nyingine, Simuliidae. Na ukiona anafanana na mbu mdogo, miguu ya mbele mirefu kaiinua juu, yupo kwa maelfu ukutani karibu na taa, basi huyo ni Chironomidae na hana hata mdomo wa kukuuma, watu wanawaua bure tu.

Unaumwa ndani ya chandarua

Chandarua hakijatoboka. Matundu yake ni makubwa tu. Chandarua cha kawaida cha mbu kina matundu ya karibu milimita moja na nusu, kwa mbu inatosha kabisa kwa sababu mbu ana mabawa na miguu mirefu, ila usubi anapita humo bila hata kujipinda. Wavu wa dirishani hivyo hivyo. Kama kimetiwa dawa kitasaidia kidogo maana anayetua na kutembea juu yake anaumia, ila usitegemee hicho peke yake.

Suluhisho ni wavu wenye matundu madogo sana, karibu nusu milimita. Ubaya wake hewa inapita kidogo na usiku wa joto utaliona hilo, kwa hiyo weka feni. Na feni yenyewe ni dawa! Usubi ni mwepesi mno, upepo ukifika kilomita 10 au 11 kwa saa spishi nyingi zinashindwa kuruka. Feni ikipuliza moja kwa moja pale ulipolala au ulipokaa wengi hawafiki kwako, na hata wakikaribia ile hewa unayoitoa puani imeshatawanyika, wakati hewa ukaa ya pumzi ndo wanayoifuata kukutafuta. Mimi ningemwambia mtu anunue feni kabla hajanunua chupa ya pili ya dawa.

Nguo nayo isaidie. Kwa vile mdomo wa usubi ni mfupi hawezi kukuuma kupitia kitambaa, hata chembamba, mradi kimekaziwa mikononi na miguuni. Kwenye ngozi iliyobaki wazi paka dawa ya kufukuza wadudu yenye DEET au ikaridini, na upake kote, manake anatafuta pale pale ulipopasahau, nyuma ya masikio, mstari wa nywele, vifundoni. Ukitoka jasho rudia kupaka.

Unajikinga jioni lakini mchana unaumwa

Hapa ndo inabidi ujue jenasi. Culicoides wengi wanatoka jua linapozama na linapochomoza, na siku ya mawingu isiyo na upepo wanaweza kutoka hata saa nane mchana, hasa chini ya miti. Ila kama uko kwenye mchanga, ufukweni au kwenye ardhi ya magadi, jua kali, na unaumwa kwelikweli, fikiria Leptoconops. Hawa wanauma mchana, mabawa yao meupeupe hayana madoa, na mabuu wao wanakaa ndani kwenye mchanga wenye unyevu au kwenye udongo wa mfinyanzi unaopasuka. Mtego wa taa usiku hautakuonyesha hata mmoja, mtu akiuangalia asubuhi anasema hapa hakuna usubi wakati mchana watu wanajikuna.

Kwa jumla wanaofyonza damu ya wanyama wenye uti wa mgongo ni jenasi nne tu kwenye familia nzima: Culicoides, Leptoconops, sehemu ya Forcipomyia inayoitwa Lasiohelea, na Austroconops. Huyu wa mwisho ni wa ajabu kweli, walio hai wanapatikana Australia Magharibi tu lakini ndugu zao wamekutwa ndani ya kaharabu (utomvu wa miti uliogeuka jiwe) ya zama za dinosaria huko Lebanon. Culicoides peke yake ina spishi zaidi ya 1,300. Kwa hiyo mtu akikuuliza umeumwa na nini, nafasi kubwa ni Culicoides, ila usiape.

Umemwaga maji yote yaliyotuama na bado wapo

Kosa hili linatokana na kumfikiria usubi kama mbu. Kwa mbu unamwaga ndoo, unafukia dimbwi, unatupa makopo, sawa. Usubi wengi hawazalii kwenye maji ya wazi. Wanataka unyevu: tope la pembeni ya bwawa, nyasi zilizooza, moss, kinyesi kibichi, shimo la mti lenye majimaji, migomba iliyokatwa ikaachwa ioze. Mayai yakikauka yanakufa, kwa hiyo mama anatafuta mahali patakapobaki na unyevu mpaka mabuu wapitie hatua zao nne na kuwa pupa.

Na kila spishi ina uchaguzi wake, na ni mkali kwenye hilo. Culicoides imicola, ambaye yuko Afrika na pande za Mediterania mpaka Asia, anapenda udongo wenye unyevu uliochanganyika na mbolea na unaopigwa jua, mfano pale bomba la kunyweshea mifugo linapovuja miezi na miezi. Culicoides bolitinos wa kusini mwa Afrika anakulia ndani ya kinyesi chenyewe cha ng'ombe na nyati. Ulaya C. (yaani Culicoides) chiopterus na C. dewulfi nao ni wa kinyesi cha ng'ombe. Culicoides sonorensis wa Amerika Kaskazini anataka ukingo wa tope lenye samadi. Culicoides furens wa pwani za Amerika na Karibi anataka vinamasi vya chumvi na mikoko. Sasa uone, mtu mwenye C. bolitinos akikausha bwawa lake hajafanya kitu, na mwenye C. sonorensis akikusanya mavi yote malishoni akaacha ukingo wa lagoni (bwawa la maji machafu ya mifugo) vile vile naye hajafanya kitu.

Kupata jibu sio kazi ngumu, inahitaji subira tu. Chota tope la juu, sentimita mbili tatu hivi, kutoka kila mahali unapopashuku, weka kila moja kwenye chombo chake, andika limetoka wapi, funika na kitambaa chepesi sana, na uache pawe na unyevu bila kufurika. Kwenye joto la kawaida ndani ya wiki tatu nne hivi utaona wanaotoka. Kama huna subira, koroga tope kwenye maji yaliyojaa sukari, maji yanakuwa mazito na mabuu yanaelea juu. Buu la Culicoides ni jembamba kama uzi mweupe, kichwa kidogo cha kahawia, na likiogelea linajipindapinda haraka haraka kushoto kulia mwili mzima, ukishaliona mara moja hutalisahau. Buu la Forcipomyia ni tofauti kabisa, lina vimguu vya bandia na nywele zenye matone mgongoni na linatambaa juu ya magamba ya miti na majani yaliyooza. Chombo kilichotoa wengi ndo mahali pa kufanyia kazi: ziba bomba, chimba mfereji, tandaza kinyesi kikauke haraka, au simamisha ukingo wa bwawa uwe wima ili tope lisienee.

Ila niseme ukweli, kuna mahali hili haliwezekani. Nyanda za juu za Uskoti zina Culicoides impunctatus, anazalia kwenye ardhi ya kinamasi chenye tindikali, maelfu ya hekta, nani atakausha? Na huyu jike ana uwezo wa kutaga fungu la kwanza la mayai bila damu yoyote, kwa akiba aliyokula alipokuwa buu. Yaani hata ukiondoa watu, kondoo na kulungu wote, kizazi kijacho kitatokea tu. Mahali kama hapo watu wanaangalia upepo na mwanga kabla ya kupanga shughuli, wanavaa nyavu za kichwani, basi. Kupulizia sumu hewani napo kunaua waliokuwa wanaruka saa ile, kesho wanatoka wengine topeni, na umeua na wadudu wengine chungu nzima ambao hawakukukosea.

Mtego umejaa usubi lakini watu hawaumwi (au kinyume chake)

Hii inawachanganya sana wanaoanza kufanya utafiti shambani. Mtego wa taa ya zambarau unaoning'inizwa karibu na zizi unaweza kukupa maelfu kwa usiku mmoja wakati mwenye shamba anakwambia hajawahi kuumwa. Sababu ni mbili. Kwanza Culicoides wana wanyama wao, C. imicola anapenda farasi na ng'ombe, wengine ni wa ndege, hawana hamu na wewe. Pili, sehemu kubwa ya Ceratopogonidae haihusiki na damu kabisa. Kuna wanaowinda wadudu wengine hewani, na kwenye makundi kadhaa jike anaingia kwenye kundi la madume wanaocheza, anamkamata dume wa spishi yake mwenyewe na kumfyonza wakiwa wanapandana. Kuna wanaoganda kwenye mishipa ya mabawa ya kereng'ende wakinywa maji ya mwili wake, kuna wa kwenye viwavi, na kuna Culicoides anophelis ambaye anatua juu ya mbu aliyeshiba na kuiba damu kutoka tumboni mwake! Ukiweka hawa wote kwenye ndoo moja na kuandika "usubi 4,000" hujasema kitu cha maana.

Kinyume chake nacho kipo, watu au mifugo wanaumwa na mtego mtupu. Taa inavuta wanaovutwa na taa tu. C. chiopterus mfano anakamatwa wengi ukimfuata moja kwa moja juu ya mnyama kuliko ukitegemea taa. Kwa hiyo kama namba na malalamiko haviendani, amini malalamiko, afu badilisha njia: tumia wavu wa kufagia juu ya nyasi, mtego wenye hewa ukaa, au kaa karibu na mnyama jioni na kifyonzi cha mdomo, yaani mrija wa kumvuta mdudu kwa pumzi.

Ukiwa na jike mkononi chini ya hadubini angalia na tumbo. Jike ambaye ameshataga mara moja anabaki na rangi nyekundu iliyokolea, zambarau hivi, chini ya ngozi ya tumbo, ambaye hajawahi ni mweupe. Kitu kidogo hiki kina uzito mkubwa, manake aliyetaga maana yake kwa kawaida ameshakula damu, na aliyekula damu ndo anayeweza kuwa amebeba ugonjwa. Na kwenye spishi zinazofanana mno, kama C. obsoletus na C. scoticus ambapo majike karibu hayatofautishiki kwa macho, hapo ni DNA tu au usubiri madume.

Farasi anajisugua, kondoo mdomo umevimba

Farasi anayejisugua shingo, mgongo na mkia mpaka nywele zinakatika, na kila mwaka inarudi msimu ule ule wa joto, mara nyingi ana mzio wa mate ya usubi. Dawa ya minyoo haitamsaidia. Mfunike na shuka lake maalumu, muingize bandani kabla jua halijazama mpaka litakapokuwa limechomoza vizuri, weka wavu mdogo na feni. Hapa tena spishi ina maana: C. imicola hapendi kuingia ndani ya banda, kwa hiyo kumuingiza farasi kunasaidia sana, lakini C. bolitinos anaingia kirahisi zaidi, kwa huyo banda lisilo na wavu halina kazi.

Kondoo mwenye homa, uso umevimba, mate yanatoka, vidonda mdomoni, anachechemea, hapo usikae kusubiri, inaweza kuwa ugonjwa wa ulimi wa buluu. R. M. du Toit wa Onderstepoort, kituo cha utafiti wa magonjwa ya mifugo Afrika Kusini, ndiye aliyeonyesha mwaka 1944 kuwa virusi hivyo vinabebwa na Culicoides. Kwa miaka mingi watu wa kaskazini mwa Ulaya waliona ni ugonjwa wa nchi za joto, mpaka mwaka 2006 ulipotokea Uholanzi, Ubelgiji na Ujerumani, na waliobeba ni usubi wa huko huko wa kundi la obsoletus, hakuhitajika C. imicola kuhamia. Virusi vinahitaji joto ndani ya mdudu, chini ya nyuzi 12 hivi vinaacha kuongezeka, na usubi wanaweza kuvuka bahari kwa upepo mamia ya kilomita, ndo maana mlipuko unaruka kutoka kisiwa hadi kisiwa. Mtu haupati ugonjwa huu. Farasi akipumua kwa shida, povu puani na macho yamevimba kwa juu, fikiria ugonjwa wa farasi wa Afrika, unaua haraka sana, na mwaka 2020 ulifika hadi Thailand. Yote mawili mwite daktari wa mifugo siku hiyo hiyo, na kuna chanjo ila lazima iendane na aina ya kirusi iliyopo.

Na kwa watu? Sehemu kubwa ya dunia muwasho ndo mwisho. Osha na sabuni, weka kitu cha baridi, usikune, krimu ya haidrokotisoni ikizidi. Afrika na Amerika kuna minyoo midogo ya Mansonella inayoenezwa na usubi, ambayo wengi wanaobeba hawajisikii chochote. Linalohitaji umakini ni homa ya Oropouche ya Amerika ya Kusini na Karibi: homa ya ghafla, kichwa kikali, viungo, inafanana na dengi. Kirusi kilitambuliwa Trinidad mwaka 1955 na mbebaji mkuu ni Culicoides paraensis. Mwaka 2024 Brazil iliripoti vifo vya kwanza. Ukiwa umetoka huko na una homa, mwambie daktari ulikuwa wapi, na kama ni mjamzito usichelewe kabisa.

Kakao inatoa maua, matunda hamna

Hapa tatizo linageuka, usubi ni wachache mno. Ua la kakao ni dogo, linaota kwenye shina, chavua yake inanata kwa hiyo upepo hauibebi, na nyuki ni mkubwa kwa ile nafasi. Wanaoingia humo ni usubi wadogo, hasa wa Forcipomyia. Shamba likifagiliwa likawa safi kama uwanja, majani yameondolewa, kivuli kimekatwa, mabuu wanakosa pa kukaa.

Usikate shauri haraka lakini. Chukua maua kadhaa, yachavushe kwa mkono kwa chavua kutoka mti mwingine (miti mingi ya kakao inakataa chavua yake yenyewe), yafunge alama, na yaache mengine kwenye mti huo huo bila kuguswa. Uliyochavusha yakishika na mengine yakidondoka, usubi ndo wamepungua: rudisha majani yaliyooza, vipande vya migomba, maganda ya kakao, na kivuli. Yakidondoka yote, tafuta kwenye maji, rutuba au magonjwa. Kama shamba lina ugonjwa wa kuoza matunda, maganda yenye ugonjwa usiyaache humo. Na kwenye maeneo yenye Oropouche kuna mgongano wa kweli, kwa sababu C. paraensis naye anazalia kwenye migomba iliyooza na maganda hayo hayo ya kakao. Mimi ningetandaza majani katikati ya shamba na kuweka lundo la maganda mbali na nyumba za watu.

Umekwama, humtambui

Kwa kumtazama kwenye hadubini spiriti ya asilimia 70 inatosha, kwa DNA weka ile ya asilimia 95 kwenda juu. Chupa ndogo, mahali pamoja chupa moja, na karatasi ya penseli ndani yake, wino wa kalamu unafutika kwenye spiriti. Andika mahali, tarehe, saa, alikuwa juu ya nani au ametoka kwenye tope gani. Usiwapange kwenye pamba, mabawa yanavunjika na madoa ndo hayo unayoyahitaji. Peleka idara ya wadudu ya chuo kikuu au maabara ya mifugo, na madume wakiwemo uwapeleke pia, hata kama hawaumi.